Notere, notari na karatasi za uhamiaji: nani aguse dosiye yako?

Mimi nilisoma sheria, na juu ya hiyo watu wa familia na wa avenyu wananitumia picha za karatasi ku WhatsApp karibu kila wiki. Ulizo lenye linarudi kuliko yote ni hili: «Yaya, notere wa huku ameshapiga kashe. Sasa dosiye iko sawa?» Wengine wanaendelea mbele: kama notere anajua kuandika karatasi, mbona asitusaidie pia na fomu za visa, za hifadhi, za kuita familia?

Ni ulizo zuri, na jibu lake linategemea inchi yenye uko ndani. Kuna inchi kwenye notere anaweza kukusaidia na sheria inamuruhusu. Kuna inchi kwenye hapaswi hata kukuambia uchague fomu gani. Na hapa kwetu Congo, anaweza kugusa sehemu moja tu ya dosiye. Mutu mwenye anachanganya hizi tatu hapotezi tu dola. Anaweza kupoteza haki ya kuingia ao ya kubakia inchi fulani maisha yake yote. Njo maana nimeona tulieleze pole pole.

Jina moja, kazi mbili

Sisi tulirizi sheria ya Wabelgiji, yenye ilitoka kwa Wafaransa. Katika sheria hiyo, notere ni mutu mukubwa. Akti yenye ametengeneza yeye iko na nguvu ya pekee: anasoma maneno ya wahusika, anayaandika katika lugha ya sheria, anaangalia kama yanakubalika, kisha anaweka kashe na jina lake. Tangu sheria ya Juni 1966 juu ya akti za notere, kwetu kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa watumishi wa Leta. Kisha, Julai 2016, sheria nyingine iliunda na kupanga kazi ya notere. Kwa hiyo Mukongomani akisikia neno «notere», anamuona mutu wa sheria, mwenye Leta inamuamini.

Sasa mutu huyo huyo anashuka Texas, Kentucky ao Arizona. Anapita barabarani, anaona kibao: «Notary Public». Anasema moyoni: asante Mungu, notere huyu hapa.

Apana. Yule hayuko notere. Katika andiko hili nitamuita notari, ili tusichanganye. Notari wa Marekani ni raia ao mukaaji wa kawaida mwenye jimbo limemupa ruhusa ya kushuhudia sinyatire na kupokea viapo. Katika majimbo mengi, hakuna mutu anamuuliza kama alisoma sheria: akiwa na miaka 18, akajaza ombi, akalipa, akaapa, basi. Majimbo kama California na New York yanamupa mutihani, lakini ni mutihani juu ya kazi ya kushuhudia, si juu ya sheria za uhamiaji. Anaweza kuwa mutu wa benki, wa posta binafsi, wa duka la kutuma pesa. Hata bei inaonyesha ukubwa wa kazi yenyewe: New York notari anaruhusiwa kuomba dola 2 kwa tendo moja, na California dola 15 kwa sinyatire moja. Hakuna mutu anapata shauri la sheria kwa dola 2.

Watu wa Amerika ya Kusini na Mexico walianguka katika shimo hili mbele yetu, juu kwao pia «notario» ni mwanasheria wa cheo cha juu. Waliumia wengi sana, mpaka majimbo kama Texas na California yakakataza notari kutangaza kazi yake kwa kutafsiri cheo chake katika Kispanyola. Florida inamulazimisha notari mwenye hayuko avoka na mwenye anatangaza kazi yake katika lugha ingine aandike wazi kwamba hayuko avoka, na kwamba haruhusiwi kutoa shauri la sheria ao kulipwa juu ya shauri hilo. Neno letu «notere» liko na hatari ile ile kama «notario».

Kashe inasema nini kweli?

Hapa njo watu wengi wanapotea. Kashe ya notari wa Marekani inasema jambo moja: mutu huyu alikuja mbele yangu, nilitazama kitambulisho chake, akatia sinyatire. Haisemi kwamba yale aliandika ni kweli.

Tuchukue mufano wenye tunaujua wote: majina yetu. Mukongomani iko na jina, postnom na prénom. Fomu za Marekani zinauliza jina la familia, jina la kwanza na jina la katikati. Mu kambi, mufanyakazi mumoja aliandika postnom kama jina la familia. Ku pasipoti, postnom iko imeshikamana na jina. Ku diplome, prénom haiko kabisa. Ongeza na ile tarehe ya kuzaliwa yenye wakimbizi wengi wanabeba, tarehe 1 Januari, juu siku ya kuandikisha hakuna mutu alikuwa na karatasi. Halafu mutu anaenda kwa notari, anaandika barua: «Mimi wa majina haya na mimi wa majina yale ni mutu mumoja.» Notari anapiga kashe. Mutu anarudi nyumbani na furaha.

Ofisi ya uhamiaji inasoma nini pale? Inasoma kwamba mutu fulani *alisema* ni mutu mumoja. Basi. Barua hiyo inaweza kusaidia kidogo ikiwa pamoja na akti ya kuzaliwa, karatasi za shule, majina ya wazazi. Ikiwa peke yake, haifunge tobo.

Mufano wa pili ni tafsiri. Watu wanalipa pesa mingi ili notari apige kashe ku tafsiri ya akti ya ndoa. Lakini kanuni ya uhamiaji ya Marekani inaomba tu vitu viwili: tafsiri kamili katika Kiingereza, na maneno ya mwenye kutafsiri, akisema kwamba tafsiri yake ni kamili na ya kweli na kwamba anaweza lugha zile mbili. Kanuni yenyewe haiombe kashe ya notari. Vilevile, mu mambo mengi ya serikali kuu, sheria yao inakubali barua yenye mutu ameandika na kutia sinyatire akisema anajua kwamba akidanganya ataazibiwa. Kwa hiyo dola zingine tunazilipa juu ya mazoea yetu ya kupenda kashe, si juu ya sheria.

Kujaza fomu na kutoa shauri

Wengine wananiambia: «Sawa, notari hayuko avoka. Lakini fomu ni fomu. Anajua Kiingereza, mimi sijue. Ajaze tu.»

Kujaza kwenyewe hakukatazwe kila mahali. Fomu za uhamiaji za Marekani ziko hata na nafasi ya chini kwa mutu mwenye alisaidia kuandika, na ingine kwa mukalimani. Kama wewe mwenyewe umechagua fomu, unamutajia majibu, yeye anaandika vile unasema na anatia jina lake pale, huo ni musaada wa mukono. Mpaka njo huu: siku anakuambia *fomu gani* utumie, *jibu gani* litakufaa, *nini* usiseme, ameshaingia katika shauri la sheria. Na sheria inasema nani anaweza kutoa shauri hilo: avoka mwenye ruhusa, ao mutu mwenye Wizara ya Sheria ya Marekani imemukubali.

Mpaka huo uko na maana kwa sababu kuchagua fomu njo kazi ngumu yenyewe. Tazama mukimbizi mwenye amefika na anataka kuita bibi yake na watoto wake. Iko fomu I-730, ya wakimbizi na wale wamepewa hifadhi. Inafaa kwa bibi ao bwana, na kwa watoto wenye hawajaoa ao kuolewa na wako chini ya miaka 21. Lakini anapaswa kuituma ndani ya miaka 2 tangu alipofika ao alipopewa hifadhi. Iko pia fomu I-130, ya raia na wale wako na «green card», na hiyo inapita njia ingine, yenye mara mingi ni ndefu zaidi. Mutu mwenye anajua Kiingereza tu anaweza kukujazia I-130 bila kosa moja la maandishi, huku ile miaka 2 inapita.

Hifadhi pia iko na saa yake: kwa kawaida ombi linapaswa kutumwa ndani ya mwaka 1 tangu mutu alipoingia. Na uongo hausahauliwe pale. Ombi la hifadhi lenye hakimu ameona kwamba ni la kubuni kwa kusudi linaweza kumufungia mutu mulango wa karibu faida zote za uhamiaji, daima. Kuficha ao kugeuza jambo kubwa ili upate visa, hiyo pia ni kizuizi cha maisha yote, isipokuwa upewe musamaha wa pekee.

Nitasema jambo moja la kwetu. Mutoto wa mama yangu mudogo alienda kule na visa ya masomo. Masomo yakamushinda kulipa, akatafuta namna ya kufanya kazi. Wakamupeleka kwa mutu mumoja mwenye kibao cha notari, mwenye alisema: «Nipe dola 900, nitakuletea ruhusa ya kazi.» Akatia sinyatire mahali alionyeshwa. Kisha miezi, barua ikafika ya kumuita kwa mahojiano juu ya ombi la hifadhi. Yeye hakujua kwamba aliomba hifadhi! Tulipopata kopi, tukakuta ndani hadisi ya kijiji chenye hajawahi kukanyaga, mambo ya vita yenye hayakumupata, na jina la chama chenye hajui. Yule mutu alijua kwamba mwenye ameomba hifadhi anaweza, kisha muda fulani, kuomba ruhusa ya kazi. Hadisi ilikuwa njia tu. Chini ya hadisi, sinyatire ilikuwa ya ndugu yangu, na ile nafasi ya «mutu alisaidia kuandika» ilikuwa tupu.

Alipata avoka wa shirika moja lisilo la faida, akamuambia aeleze kweli yote mbele ya mahojiano, si nyuma. Mpaka leo dosiye bado inangoja. Yule mwenye kibao hakuonekana tena. Hilo njo jambo la kuelewa muzuri: mbele ya ofisi ya uhamiaji, mwenye kujibu ni *wewe* mwenye sinyatire. Avoka akiharibu, iko njia yenye inajulikana ya kuomba dosiye ifunguliwe tena, na iko baraza lenye linaweza kumunyanganya kazi. Mutu asiye na ruhusa akiharibu, njia hiyo inakuwa nyembamba sana.

Lakini Canada je?

Hapa wenye wako Montréal wataniambia: «Wewe, notere wetu anashugulika na uhamiaji, na iko halali.» Ni kweli. Sheria ya uhamiaji ya Canada inasema nani anaweza kulipwa ili asaidie mutu: mawakili, memba wa Chambre des notaires du Québec, na washauri wenye wameandikwa ku baraza lao, lenye tangu Novemba 2021 linaitwa College of Immigration and Citizenship Consultants. Quebec ilibakia na mufumo wa sheria wenye unafanana na wetu, kwa hiyo notere wa kule alisoma sheria ku univerisite, ni memba wa chama cha kazi, na akikosa kuna mahali pa kumushitaki.

Kwa hiyo ulizo halipaswe kuwa «notere afanye ao asifanye?». Ulizo ni: mutu huyu alifundishwa kazi hii? Jina lake liko mu listi ya nani? Akiniharibia, nani atamuazibu? Notere wa Quebec ana majibu matatu. Notari wa Texas, kama ni notari tu, hana hata moja.

Wale wanatetea notari wako na sababu

Tusiwacheke. Mu mambo ya uhamiaji, Marekani inakupa haki ya kuwa na avoka, lakini si kwa pesa ya serikali. Ukikosa pesa, unasimama peke yako. Avoka ni bei kali, anakaa mbali, hasikie Kiswahili wala Mashi wala Kibembe. Notari ni jirani, tunasali naye, anafungua Jumamosi, anaongea na mama yako kwa heshima. Na Wakongomani kule tuko wengi: katika mwaka wa bajeti wa 2024, Congo yetu njo ilikuwa inchi ya kwanza kwa hesabu ya wakimbizi wenye Marekani ilipokea. Kisha Januari 2025 programu hiyo ikasimamishwa, na familia zenye zilikuwa katikati ya njia zikabakia zinatafuta mulango wowote. Kumuambia mutu kama huyo «tafuta avoka» na kunyamaza hapo, hiyo si musaada.

Lakini kazi yenye haina watu wa kutosha haigeuke kuwa salama juu watu wa kutosha hawako. Kama mu kijiji daktari hayuko, tunafundisha infirmier. Hatumupatie kisu muuza dawa.

Na kufundisha huko kuko tayari. Wizara ya Sheria ya Marekani inakubali mashirika yasiyo ya faida, na ndani ya mashirika hayo inakubali wawakilishi wenye hawako mawakili. Hawaombwe diplome ya sheria. Wanaombwa tabia njema, mafunzo ya sheria ya uhamiaji, na kufanya kazi chini ya shirika lenye limekubaliwa. Wa ngazi ya kwanza anasimama mbele ya ofisi za uhamiaji tu, wa ngazi ya pili anasimama hata mbele ya mahakama ya uhamiaji. Ruhusa yao inadumu miaka 3, kisha inaangaliwa tena. Wandugu wenye wako kule na lisansi zao, wenye wanafanya kazi ya depo usiku huku wanasikia Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza: hii ni kazi yenye inawaita. Mama wa Uvira mwenye hajui kusoma Kiingereza atakuwa na mutu wa kusema naye, na mutu huyo atakuwa na jina mu listi.

Na hapa kwetu?

Notere wetu ni mutu wa sheria, na mu dosiye ya safari kuna mahali anafaa kabisa: prokirasyo, ruhusa ya muzazi kwa mutoto mwenye anasafiri na mutu mwingine, kopi zenye zinalingana na orijinali. Kwa mambo hayo, aendelee, na bei iandikwe ku mulango.

Akti ya kuzaliwa haitoke kwake. Sheria ya familia, vile ilibadilishwa 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha mutoto ku etasivili. Zikipita, unaenda ku tribinali kutafuta hukumu ya kujaza pengo, ile jugement supplétif, kisha etasivili inaandika. Mutu akikuambia «mupe notere, atakutengenezea tarehe yenye inafanana na fomu», kimbia. Tarehe hiyo italinganishwa na ile ulisema mu kambi miaka 10 nyuma, na mutu wa ubalozi hatauliza nani alipiga kashe. Atauliza kwa nini ulidanganya.

Kuhusu tombola ya visa, ile DV, notere na sibere wote ni sawa: wasikamate namba yako ya uthibitisho. Mutu mwenye anabakia na namba njo mwenye anajua kama ulishinda. Hapo njo inaanza: «Umeshinda, lakini leta pesa,» ao «tuongeze bibi mu dosiye, atalipa safari yote.» Ndoa hiyo ya karatasi ni ile kuficha na kugeuza nilieleza pale juu. Na kwa ndugu zetu wa Nakivale, Nyarugusu na Kakuma: huduma za UNHCR ni bure. Notere, pasta, kiongozi wa bloku, hakuna hata mumoja anaweza kukuuzia nafasi pale.

Mbele ya kutoa pesa

Muulize: «Uko avoka, ao muwakilishi mwenye amekubaliwa? Jina lako naliona mu listi gani?» Angalia listi mwenyewe. Omba kontra na risiti. Usitie sinyatire ku fomu tupu, wala ku fomu yenye hujasomewa katika lugha unasikia. Orijinali zako zibakie kwako. Adresi yenye barua zitafika iwe yako, si ya biro yake. Mwenye alikujazia aandike jina lake mahali pake. Akikataa, chukua karatasi zako na uondoke. Na kila dosiye yenye inatumwa, baki na kopi ya ukurasa wote, hata kama ni kwa picha za simu.

Fomu zenyewe ziko bure ku saiti ya ofisi ya uhamiaji ya Marekani, na listi ya mashirika yenye yamekubaliwa iko wazi ku saiti ya Wizara yao ya Sheria, jimbo kwa jimbo. Mwenye iko na mama, kaka ao rafiki kule mwenye hasomi Kiingereza, aifungue pamoja naye jioni hii na amutafutie shirika la karibu na kwake, mbele hajapita ku kibao.